“Inafanya Kazi”: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Maelekezo ya Kumbukumbu ya Kompyuta

Karatasi ninayokusudia kuihakiki hapa ina kurasa mbili tu, nayo haina jina la mfasiri. Ilifuatana na vipande vya kumbukumbu vilivyonunuliwa kwa ajili ya kompyuta za ofisi moja ya umma, ili makarani waweze kuvichomeka wenyewe na kujua kama vinafaa. Niliombwa niipitie kabla ya kupigwa chapa nakala nyingine. Nikaipitia, nikasahihisha tahajia mahali patatu au panne, nikairudisha pamoja na neno la kuisifu. Lugha yake ilikuwa safi. Upatanisho wa ngeli haukuwa na ila, wala hapakuwa na neno la kigeni lililoachwa bila kuvishwa nguo za Kiswahili. Miezi michache baadaye nililazimika kuisoma tena, na safari hiyo nikaona nilichokuwa nimekipita. Kwa hiyo uhakiki huu unamhusu mfasiri yule, na unamhusu pia msahihishaji wake.

Kilichonirudisha kwenye karatasi hiyo ni orodha ya malipo. Mojawapo ya mashine zilizoongezewa kumbukumbu ilianza kutoa majumla yasiyolingana na hati zilizokuwamo masjala. Leo jumla ni sahihi, kesho shilingi mia nane zimezidi, na hapana aliyezigusa. Karani aliyeiandaa orodha akatakiwa ajieleze kwa maandishi. Akajieleza, na utetezi wake ulikuwa karatasi yetu, ambayo ilikuwa imemwambia hivi: “Washa kompyuta. Ikiwa kumbukumbu mpya itaonekana, basi inafanya kazi.” Kumbukumbu ilikuwa imeonekana. Fundi alipokuja, aliiacha mashine usiku kucha ikijipima, na asubuhi skrini ilikuwa imejaa orodha ya makosa, yote yakitoka katika kipande kile kipya. Karani akaondolewa lawama. Sisi tulioiandika na kuipitisha karatasi hatukuulizwa neno.

Asili ya Kiingereza ya maelekezo hayo ninayo. Ndani yake mna hali nne, na kila moja imepewa kitenzi chake: kipande kimewekwa; kipande kimetambuliwa; kumbukumbu inaweza kutumika; kumbukumbu imepimwa na hapakuonekana kosa. Mfasiri amezifunga zote nne katika furushi moja la “inafanya kazi”. Hapana shaka alifanya hivyo kwa nia njema, akiona kwamba karani hana haja ya kusumbuliwa kwa fasiri nyingi za jambo linaloelekea kuwa moja. Lakini si jambo moja, na mtu asiyejua jinsi mashine inavyotenda hawezi kuona kwamba si moja. Hapa ndipo elimu ya istilahi inapomdai mfasiri ajifunze kitu kabla ya kukipa jina.

Hali ya kwanza haina ugumu. Kipande kina pengo dogo ubavuni ili kisiingie kinyume; mtu huzima mashine, hutoa waya wa umeme, hukichomeka kipande katika nafasi yake na kukikandamiza mpaka vishikizo vya pembeni vikibane. Karatasi inasema “kiweke vizuri”, maneno ambayo hayamwongozi mtu. Kiswahili kina njia nyepesi ya kulisema jambo hili: kikae ndi. Kipande ambacho hakikukaa ndi huifanya mashine ikatae kuwaka, au ilie mlio baada ya mlio, na hapo karani hana shida ya kujua kwamba mambo si sawa.

Hali ya pili ndiyo iliyoleta balaa. Mashine “huona” nini inapowashwa? Juu ya kila kipande mna chipu moja ndogo isiyohifadhi kazi za mtumiaji hata kidogo. Kazi yake ni kubeba maelezo ya kipande chenyewe: ukubwa wake, kasi yake, na vipimo vingine vya utendaji. Mashine huisoma chipu hiyo kwanza, na kutokana nayo hupata kujua kwamba imeongezewa, tuseme, GB 8. Baadaye hufanya majaribio mafupi ili iweze kuanza kazi, lakini namba ile anayoiona mtumiaji haitokani na kupimwa kwa kila chembe. Mtunza bohari anayepokea gunia, akasoma maandishi ya “kilo 90” yaliyopigwa ubavuni, akaingiza kilo 90 katika leja, hakusema uongo. Ila gunia hajalifungua. Ikiwa ndani mna mchele au mna mchanga, leja haijui.

Wazee wetu wa kompyuta watakumbuka kwamba mashine za zamani zilifanya jambo hili mbele ya macho ya watu. Kompyuta za IBM za miaka ya 1980 zilihesabu kumbukumbu waziwazi, namba ikipanda skrinini hata kufikia KB 640, kisha likatokea neno fupi la kuashiria kwamba mambo ni sawa. Zikikuta ubovu zilitoa namba 201, ambayo mafundi waliijua kama wajuavyo majina ya watoto wao. Zaidi ya hayo, kila baiti ya biti nane iliongezewa biti ya tisa ya kulinganishia, na biti hizo zisipolingana mashine ilisimama. Kompyuta nyingi za mezani zilizofuata ziliachwa bila biti hiyo ili kupunguza gharama. Matokeo yake ni kwamba kosa la kumbukumbu, ambalo zamani liliisimamisha kazi, sasa huweza kupita kimya kimya na kuingia katika jalada.

Naomba msomaji anivumilie kidogo juu ya ukimya huo, maana ndio unaoifanya tafsiri mbaya kuwa na gharama. Katika msimbo wa ASCII, tarakimu 1 huandikwa 0110001, na tarakimu 9 huandikwa 0111001. Tofauti ni biti moja. Chembe moja ya kumbukumbu iliyokwama ikawa haiwezi kushika sifuri itaigeuza 1 kuwa 9, na ikiwa tarakimu hiyo imo katika nafasi ya mamia, shilingi mia nane zimezuka. Biti iyo hiyo ndiyo inayoitenga herufi a na herufi i: 1100001 na 1101001. Kwa hiyo chembe hiyo hiyo inaweza kulichukua neno “haki” ikalirudisha “hiki”, na hakuna kikagua tahajia kitakacholalamika, kwa kuwa “hiki” ni Kiswahili sanifu.

Juu ya hali ya tatu nitasema machache. Kumbukumbu inaweza kutambuliwa yote na bado isitumike yote. Mfumo wa biti 32 una anwani 4,294,967,296 tu, yaani GB 4, na sehemu ya anwani hizo hugawiwa vifaa vingine vya mashine. Ndiyo maana Windows ya biti 32 huweza kuonyesha kwamba GB 4 zimewekwa na 3.25 tu ndizo zinazotumika. Mtu aliyeambiwa “ikionekana inafanya kazi”, akaona namba mbili zisizolingana, atakwenda kugombana na muuzaji bure.

Hali ya nne ndiyo upimaji wenyewe. Programu ya kupimia huandika alama inayojulikana katika kila chembe, kisha huisoma tena na kulinganisha. Halafu hugeuza, palipokuwa na sifuri ikatia moja, kwa mpangilio mmoja baada ya mwingine, maana kuna chembe ambazo hukosea tu pale jirani yake anapobadilika. Kazi hiyo hufanywa kabla ya mfumo mkuu wa mashine kupakiwa, kwa sababu programu haiwezi kupima chumba ambacho mwingine amelala. Chombo cha namna hiyo kimo ndani ya Windows tangu toleo la Vista la mwaka 2007, na mafundi wengi wanaitumia pia Memtest86. Kosa moja tu linatosha kukikataa kipande.

Kwa nini mpangilio mwingi hivyo? Kwa sababu ya tabia ya kitu chenyewe. Kila chembe ya kumbukumbu ya siku hizi, kwa ubunifu ambao Robert Dennard wa IBM alipewa hataza yake mwaka 1968, ni kijidumu kidogo cha chaji ya umeme, nacho huvuja. Kwa kawaida mashine huwa na milisekunde 64 tu za kukipitia na kukijaza tena kabla hakijasahau kilichomo. Hii ni kumbukumbu isiyokumbuka bila kukumbushwa. Chembe dhaifu huenda ikashika asubuhi na kuvuja mchana wa joto, na hivyo mashine ikawa nzima mbele ya fundi na mbovu nyuma yake.

Sasa niirudie lugha, na nianze na jina. Neno “kumbukumbu” lina historia inayofaa kujulikana, maana mashine hizi hazikuanza kwa kusifiwa kwamba zinakumbuka. Charles Babbage, alipoichora mashine yake kubwa ya kukokotoa katika miaka ya 1830, aliita mahali pa kuwekea namba ghala, na mahali pa kuzishughulikia aliita kinu. Waingereza walidumu na neno la ghala muda mrefu. Ni John von Neumann, katika taarifa yake ya mwaka 1945 kuhusu mashine ya EDVAC, aliyelinganisha sehemu za mashine na neva za binadamu na kuitumia lugha ya kumbukumbu; na Wamarekani wakaieneza duniani. Wajerumani hata leo huiita ghala la kazi. Wafaransa wanasema kumbukumbu hai.

Sisi tulipokea jina likiwa limekwisha kupikwa. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Na mashine zilipoanza baadaye kuingia kwa wingi, zilikuja na mafundi na maneno ya mafundi. Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotolewa mwaka 2004, ilithibitisha kwamba programu ya ofisi inaweza kusema Kiswahili. Lakini neno moja juu ya kitufe na sentensi ya kumwelekeza mtu ni kazi mbili mbalimbali, na hiyo ya pili ndiyo iliyobaki nyuma. Wala si suala la kompyuta au tarakilishi, ubishi ambao umekula kurasa nyingi kuliko unavyostahili: shule za Kenya zinazosema tarakilishi zina tatizo hili hili.

Tatizo ni kwamba “kumbukumbu” kwetu lilikuwa tayari na kazi tatu. Ni yale anayoyakumbuka mtu. Ni sherehe au mnara wa kumkumbuka aliyekwenda. Na kwa mtumishi wa serikali, ni maandishi ya mkutano. Karatasi yetu inaongeza mbili, ya nne na ya tano, kwa kuwa inatumia neno hilo kwa kipande kinachochomekwa na vilevile kwa diski inayotunza majalada. Tazama sentensi hii, ambayo niliipitisha kwa kalamu yangu mwenyewe: “Kama kumbukumbu haitoshi, futa kumbukumbu zisizohitajika au ongeza kumbukumbu.” Mhazili mmoja wa ofisi ile aliifuata neno kwa neno. Alifuta kumbukumbu za vikao vya miaka miwili. Nakala za karatasi zilikuwamo masjala, kwa hiyo ofisi haikupoteza kitu, na mashine haikupata nafuu yoyote, kwa maana majalada ya diski hayakai katika kipande kile. Meza ya karani ikiwa ndogo, haipanuki kwa kuchoma moto majalada ya kabatini.

Sidai turudi kwenye ghala. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Ninachoshauri ni kwamba “kumbukumbu” pekee, katika maandishi ya kompyuta, iachiwe ile inayofutika umeme ukikatika. Diski na jamaa zake ziitwe “hifadhi”. Na maandishi ya vikao yaandikwe daima kwa ukamilifu, “kumbukumbu za mkutano”. Kitu kinachoshikwa mkononi kiitwe “kipande cha kumbukumbu”. Najua kwamba mafundi wa mtaani wanasema “RAM” na wanaelewana, wasisumbuliwe. Lakini “kadi ya kumbukumbu”, iliyopendekezwa na wengine, isitumike hapa, kwa sababu wenye simu wamekwisha kuichukua kwa kitu kingine.

Kuna faida ya sarufi pia katika “kipande”. Jina “kumbukumbu” halionyeshi umoja wala wingi. “Kumbukumbu mpya inafanya kazi” haisemi kama viliwekwa viwili na kimoja tu ndicho kilichotambuliwa. “Vipande vyote viwili vimetambuliwa” inasema.

Ama kuhusu kitenzi, tunavyo vingi, na makosa ni kuvitumia kama kwamba ni pacha. Kuangalia ni kazi ya macho tu. Kujaribu ni kutenda na kungoja litakalotokea. Kuhakiki, ambako watumishi wa umma wanakufahamu kupita kiasi tangu vyeti vyao vilipohakikiwa, ni kulinganisha kitu na hati yake: hiki ndicho kilichoandikwa? Kupima kunahitaji kipimo kinachojulikana kabla. Basi hali ya pili ni ya kuhakiki, na kinachohakikiwa ni kiasi. Hali ya nne ni ya kupima, na kinachopimwa ni uzima. Tukishika tofauti hiyo, karani hawezi tena kuambiwa kwamba kuona namba ni kupima.

Nasema “uzima” kwa makusudi. Mwalimu mmoja aliniuliza kwa nini tusiseme tu “kumbukumbu nzima”, kama tusemavyo redio nzima. Ni Kiswahili cha nyumbani na kinapendeza, lakini “saa nzima” ni saa isiyo mbovu na pia ni dakika sitini, na “pima kumbukumbu nzima” itasomwa na wengi kuwa ni kuipima yote. Tena kitufe cha pembeni kimeandikwa “Zima”. Sentensi moja yenye “zima” ya afya, “zima” ya ukamilifu na “zima” ya kukata umeme ingefaa vitendawili kuliko maelekezo. Jina “uzima” halina utata huo, na mwenzake, “ubovu”, yupo tayari.

Limebaki kosa ambalo kwangu ni zito kupita yote, nalo limo katika sentensi ya mwisho ya karatasi: “Upimaji ukimalizika kompyuta itakuambia kuwa kumbukumbu haina kosa.” Asili haisemi hivyo. Asili inasema kwamba hapakugunduliwa kosa. Mfasiri ameigeuza taarifa ya mpimaji kuwa sifa ya kitu kilichopimwa, na hapo amemwahidi mtumiaji jambo ambalo watengenezaji wenyewe hawakuthubutu kuahidi. Chembe dhaifu niliyoitaja huweza kuvuka kipimo kimoja na kuanguka katika cha pili. Daktari mwaminifu husema vipimo havikuonyesha malaria. Hasemi mgonjwa hana ugonjwa. Kiswahili hakina upungufu wowote hapa: “halikuonekana kosa lolote” ni maneno matatu, nayo yanatosha.

Na neno “kosa” lenyewe litenganishwe na “ubovu”. Mwaka 1979 Timothy May na Murray Woods wa Intel walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba chembechembe za alfa zinazotoka katika maganda ya chipu zenyewe huweza kuibadilisha biti bila chipu kuharibika. Hilo ni kosa bila ubovu: likiisha kusahihishwa halirudi mahali pale. Lakini utafiti uliofanywa katika mashine za Google na kuchapishwa mwaka 2009 uliona zaidi ya asilimia 8 ya vipande vikitoa makosa katika mwaka mmoja, na ushahidi wake ulielekea upande wa ubovu wa kudumu kuliko makosa ya kupita. Mashine zile zina kumbukumbu yenye kujisahihisha, kwa kanuni za jamii ile aliyoianzisha Richard Hamming mwaka 1950, na kwa hiyo makosa yaliweza kuhesabiwa. Mashine ya karani wetu haihesabu kitu. Maelekezo yanayoita yote mawili “hitilafu”, kama yafanyavyo ya kwetu katika ukurasa wa pili, hayamwambii afanye nini: akiwashe upya, au akirudishe kipande dukani.

Nimeiandika upya sehemu hiyo na kuirudisha kwa walionituma. Inasomeka hivi: “Zima kompyuta na utoe waya wa umeme. Chomeka kipande mpaka kikae ndi. Washa, kisha hakiki kiasi: namba inayoonyeshwa na mashine ilingane na jumla ya vipande vyote. Kulingana kwa namba hakuonyeshi uzima. Kabla ya kufanya kazi yoyote ya ofisi, pima uzima wa kumbukumbu kwa programu ya kupimia, na uiache imalize, hata ikichukua usiku mzima. Likionekana kosa hata moja, toa kipande hicho na ukirudishe. Lisipoonekana kosa, endelea na kazi, na ukiona baadaye tarakimu zinabadilika bila sababu, pima tena.” Imezidi ile ya awali kwa mistari minne. Nimejibiwa kwamba ni ndefu mno kwa karatasi iliyokusudiwa, na kwamba nakala za zamani bado hazijaisha.